Upepo wa ubavuni Entebbe: usukani wa mkia unanipeleka majanini, nisaidieni

Rubani_wa_Sebuleni:
Wakuu, habari za jioni. Wiki ya tatu hii napigana na ndege ndogo ya Cessna 172 kwenye mchezo wa kompyuta wa Microsoft Flight Simulator na sasa nimechoka. Nipo Ntinda, laptopu yangu ni ya kawaida, joistiki ya mtumba, ile ambayo unazungusha mpini wenyewe ili kuchezesha usukani wa mkia. Pedeli za kuuchezesha kwa miguu sina.

Hewa ikiwa shwari natua vizuri, mke wangu ni shahidi. Kasheshe inaanza nikiweka upepo wa ubavuni. Nimeuweka utoke nyuzi 090 (mashariki), noti 14, yaani kama kilomita 26 kwa saa, na natumia njia 17 ya Entebbe, ile inayoelekea nyuzi 170. Wakati wa kuruka, nikiongeza moto (nguvu ya injini) tu pua inakimbilia kushoto. Nazungusha mpini kulia kidogo, kimya. Naongeza kidogo tena, ndege inaruka kulia kama mbuzi aliyekata kamba. Nikirudisha inakwenda kushoto kuliko mwanzo. Mara ya tatu nipo majanini natazama ziwa. Wakati wa kutua naja vizuri mpaka magurudumu yaguse, halafu pua inachomoka.

Nilidhani mpini una wepesi kupita kiasi, nikaweka nafasi ya katikati isiyoitikia kuwa asilimia 20. Imekuwa mbaya zaidi. Je, ni joistiki, ni mipangilio, au ni mimi?

Msafiri_Jinja:
Tua njia 12, inayoelekea nyuzi 120, ulale salama! Upepo wa 090 unaikata kwa nyuzi 30 tu, kwa hiyo nusu yake ndiyo inakupiga ubavuni, noti 7. Kwenye 17 unapigwa nyuzi 80, karibu zote 14. Na ile 12 ina mita 2,408, hako ka-Cessna hakahitaji hata nusu.

Rubani_wa_Sebuleni:
Hilo najua mkuu, ila nataka kujifunza, sio kukimbia.

Fundi_Katwe:
Ssebo, hiyo asilimia 20 ndiyo inakuua. Fikiria mwenyewe: mpini wote unazunguka nyuzi chache tu kila upande, na wewe umezikata za mwanzo. Unazungusha hakuna kitu, unazungusha hakuna kitu, ukivuka mpaka usukani unaamka ghafla. Huyo ndiye mbuzi wako. Rudisha iwe 2 au 3, ya kuziba mtetemo tu.

Kinachotakiwa ni kupinda mchoro wa jinsi usukani unavyouitikia mpini, sio kuukata. Kwenye ukurasa wa wepesi wa vidhibiti, usukani wa mkia uweke hasi 40 hivi, kisha uangalie mstari: ulale katikati, usimame kuelekea pembeni. Mkono ukicheza kidogo, usukani unacheza kidogo sana, lakini ukizungusha mpini hadi mwisho, usukani nao unafika mwisho. Kuna watu wanapunguza ule mwisho ili ndege itulie. Usithubutu. Ndege ikiwa polepole upepo ni uleule ila hewa inayopita mkiani ni chache, na hapo ndipo utauhitaji usukani wote. Kasi ya kuitikia nayo iache asilimia 100. Ukiipunguza, usukani unachelewa, wewe unaongeza, ukifika umeshazidisha.

Halafu fungua ukurasa huo bila kugusa joistiki, uangalie alama. Ikicheza yenyewe, kuna vumbi kwenye potenshometa, kile kifaa cha ndani kinachopima mpini umezungushwa kiasi gani. Mtumba ni mtumba.

Mwalimu_Soroti:
Fundi amesema kweli, lakini kijana, mipangilio ni nusu ya shida. Mimi nilijifunza kuruka hapa Soroti kabla sijahamia kwenye chaki, na kila mwanafunzi alikuwa na ugonjwa wako, tena na pedeli za chuma.

Mkia umesimama kama tanga. Upepo ukitoka kushoto unausukuma mkia kwenda kulia, basi pua inaugeukia upepo, kushoto. Ongeza na hili: kwenye hiyo Cessna, propela ikipewa moto wote inavuta pua kushoto hata bila upepo. Umechagua upande ambao wote wawili wanakuvuta pamoja. Hebu geuza upepo utoke 250, noti zilezile, uruke tena njia 17. Utaona watu hao wawili wanaanza kuvutana wenyewe kwa wenyewe na kazi yako inapungua.

Kwa hiyo wakati wa kuruka usingoje pua iondoke ndipo uitafute. Weka usukani kulia tangu unapoongeza moto, na mpini umelala kushoto kabisa, upande wa upepo, ukiurudisha taratibu kadiri kasi inavyopanda.

Sasa niambie: ukitua, pua inachomoka kulia au kushoto?

Rubani_wa_Sebuleni:
Kulia, mwalimu. Kila mara kulia.

Mwalimu_Soroti:
Basi huo si upepo, ni wewe. Upepo ungeipeleka kushoto.

Unakuja kwa noti 65, ukiwa umeelekeza pua kushoto nyuzi kama 12 ili usipeperushwe. Sawa. Karibu na ardhi unazungusha kulia ili pua ilingane na mstari. Sawa pia. Lakini gurudumu la mbele la 172 limeunganishwa na pedeli. Likigusa ardhi wakati bado umekamata kulia, linakwenda kulia. Lishushe la mwisho, na usukani uwe umeshaulegeza kidogo.

Akello_Gulu:
Samahani wazee, naomba kuuliza swali moja. Kaka, kwenye mipangilio ya usaidizi wa rubani, ule msaada wa usukani wa mkia umeuzima?

Rubani_wa_Sebuleni:
Msaada upi, dada?

Akello_Gulu:
Nilijua tu, mimi umenitesa miezi miwili. Ukilaza bawa kushoto, msaada huo nao unasukuma usukani kushoto ili kona iwe safi. Wakati wa kutua kwenye upepo wako unataka bawa kushoto na usukani KULIA. Mnashindana, unazidisha kulia kumshinda. Ukinyoosha mabawa anaachia ghafla, kulia kwako kote kunabaki peke yake. Zima.

Mzaliwa_wa_Lamu:
Nipo Port Bell siku hizi lakini majahazi hayajanitoka. Kumbuka hivi: bawa la goshini (upepo unakotoka) chini, usukani demani (upepo unakokwenda). Upepo ukigeuka, maneno hayageuki.

Fundi_Katwe:
@Mwalimu, tatizo ni kwamba kwa mpini wa kuzungusha unamwambia alaze kushoto na azungushe kulia kwa kifundo kimoja cha mkono. Jaribu uone. Ukizungusha, mpini wote unafuata na bawa linanyooka. Hilo haliponi kwa nadharia.

Mwalimu_Soroti:
Haliponi kwa mchoro pia, fundi. Linapona kwa mazoezi. Aondoe vishindo vya upepo, aanze na noti 6. Kitabu cha 172S chenyewe kinataja noti 15 kama upepo wa ubavuni uliojaribiwa, na yeye kaanza na 14! Asitue. Apite juu ya njia 17 kwa kimo cha nyumba, mabawa na pua vikishika mstari wa katikati mpaka mwisho, kisha apande. Njia ile ina mita 3,658. Kwa noti 70 hizo ni sekunde 100 za mazoezi kwa mpito mmoja. Kutua kunakupa sekunde tano.

Rubani_wa_Sebuleni:
Narudi na mrejesho, siku nne baadaye. (Mbili zimeliwa na umeme.)

Msaada ulikuwa umewaka. Nimeuzima, katikati ni 3, mchoro hasi 40. Kuruka sijaona majani tena. Nimepita juu ya njia 17 mara nyingi mpaka mtoto ananiuliza kwa nini baba hashuki. Noti 6 natua, noti 10 natua, gurudumu la kushoto linagusa kwanza kama mwalimu anavyotaka. Noti 14 natua mara moja katika tatu. Fundi naye ana haki yake: kifundo cha mkono kinauma, na bawa bado linaninyookea wakati mbaya.

Fundi, umewahi kutengeneza pedeli?

Fundi_Katwe:
Jozi mbili, kwa mabomba ya chuma na springi za stendi ya bodaboda. Njoo Jumamosi na viatu unavyorushia, nipime.

Rubani_wa_Sebuleni:
Narushia peku.

Fundi_Katwe:
Basi njoo na miguu.