Tupeane uzoefu: Baada ya kutolewa tezi la shingo, nyumbani mtu afanye nini na kipi huharibika?

Mwandiga Juu (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Mgonjwa wa goita anapasuliwa salama, kisha anarudi nyumbani na karatasi yenye mistari mitatu. Tujaze mistari iliyobaki: siku gani, kidonge gani, saa ngapi, na watu hukosea wapi. Simulizi za maisha tuziache, zina uzi wake.

Naanza na kidonda. Mkato hukaa kwenye mkunjo wa shingo, kwa kawaida sm 5 hadi 8, goita kubwa zaidi ya hapo. Saa 48 za mwanzo kisilowe. Baadaye maji ya kuoga yakipita si neno, ila kisisuguliwe. Gusagusa na kitambaa safi mpaka kikauke. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Wiki ya kwanza lala na mito 2 au 3, kichwa kiwe juu, uvimbe upungue.

Kosa kubwa ni kuinuka. Mtu anajivuta kwa shingo kama alivyozoea, nyuzi zinauma. Geukia ubavu, kiganja kimoja kishike kisogo, kiwiko cha mkono wa pili kisukume godoro. Ndoo ya maji na mzigo wa kuni kichwani, subiri wiki 3. Lakini shingo isigandishwe pia: daktari akiruhusu, igeuze taratibu kulia na kushoto, mara 5, asubuhi, mchana na jioni.

Nyuki wa Sikonge (Tabora)

Mwangaluka. Mkuu umerukia nyumbani, kuna saa 24 za wodini ambazo ndugu wa mgonjwa lazima azijue. Damu ikivuja ndani, shingo inavimba na kukaza ghafla, mgonjwa hataki kulala chali, pumzi inakoroma. Hapo usisubiri raundi ya daktari, piga kelele. Nyuzi hufunguliwa palepale kitandani, kwa sababu damu iliyojikusanya inabana njia ya hewa. Mara nyingi hutokea ndani ya saa 6 za mwanzo. Ndiyo maana mgonjwa asifunikwe kanga mpaka kidevuni hata kama anasikia baridi. Shingo ibaki wazi, nesi akipita aione.

Sasa kalsiamu, ambayo ndiyo huwarudisha watu hospitali. Nyuma ya thairoidi, yaani hilo tezi la shingo, zimejibana tezi nyingine 4, kila moja kama punje ya mchele, nazo ndizo zinazoshika kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Daktari akizikwepa vizuri bado zinaweza kukosa damu na kulala kwa muda. Kalsiamu inashuka, na dalili huja kati ya siku ya 2 na ya 4, yaani mgonjwa akiwa ameshapewa ruhusa. Mpangilio ni huu: ganzi na kuwashwawashwa kuzunguka midomo, kisha ncha za vidole, kisha misuli kukaza. Ukimfunga mkanda wa presha, kifundo cha mkono kinakunjika na vidole vinajikusanya pamoja vyenyewe. Ikifika hapo ni kalsiamu ya mshipani, si ya kumeza, na si suala la kusubiri kesho.

Kwa hiyo anayepasuliwa Mwanza na kwao ni Kibondo asipande basi siku ya 2. Akae kwa ndugu karibu na hospitali mpaka siku hizo zipite. Na vidonge viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi.

Dagaa Kavu (Kigoma)

Naongezea hapo. Soma boksi vizuri: kidonge cha kalsiamu kabonati cha mg 1250 kina kalsiamu yenyewe mg 500 tu. Daktari akisema gramu 1 kwa siku, uliza anahesabu ipi. Kabonati imezwe na chakula, tumbo lenye asidi ndilo linaloivunja. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chakula kizuri, ila hawashiki nafasi ya kidonge wiki hizi. Na usikiache ghafla kwa kuwa ganzi imeisha. Daktari hukipunguza hatua kwa hatua huku akipima damu.

Kidonge cha pili ni levothairoksini, homoni inayoshika nafasi ya tezi, na hiki kwa aliyetolewa tezi lote ni cha maisha. Kwa mtu mzima kiwango ni takribani maikrogramu 1.6 kwa kila kilo: kilo 60 zinatoa 96, anaandikiwa 100. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzia chini, 25 au 50. Meza saa 12 asubuhi kwa maji matupu, chai subiri angalau nusu saa, saa nzima ni bora zaidi. Maziwa, kahawa, kalsiamu, vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia vinakizuia kisifyonzwe. Kalsiamu na vidonge vya damu vikae mbali nacho kwa muda wa saa 4. Ukimeza homoni saa 12 asubuhi, kalsiamu ianze na chakula cha mchana. Wengi wanavipiga vyote pamoja asubuhi ili wasisahau, kisha wanalalamika dawa ni feki.

Kipimo cha TSH, cha damu, kinachoonyesha kama dozi ya homoni inatosha, ni wiki ya 6 hadi ya 8. Dawa hii hupungua nusu mwilini kwa siku 7 hivi, kwa hiyo ukipima wiki ya 2 unatupa hela. Hapo hapo ndipo mtego ulipo: ukiruka siku moja husikii kitu, ukiruka wiki bado unajiona mzima. Baadaye ndiyo baridi, uso kuvimba, choo kigumu na usingizi wa mchana kutwa. Moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka na usingizi ukikata, huenda dozi imezidi. Vidonge vibaki kwenye karatasi yake, ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na jiko na dirisha. Chini ya bati mwezi wa 10 chumba kinakuwa tanuri.

Mwana Isevya (Tabora)

Na mwezi wa Ramadhani? Halafu kila mgonjwa anakatazwa mihogo na kabichi, ni kweli?

Dagaa Kavu

Ramadhani, amka nusu saa kabla ya daku umeze, au meza unapolala, saa 3 zikiwa zimepita tangu chakula cha mwisho. Chagua moja, usibadilishebadilishe.

Mihogo inakwaza tezi kutumia madini joto. Lililotolewa lote halina cha kukwazwa, kula ugali wako wa muhogo. Aliyebakiwa na nusu ahakikishe muhogo umelowekwa na kukaushwa vizuri na chumvi ina madini joto. Chumvi ya Uvinza au ya kwingine, angalia kama imeongezwa, kisha ifunikwe na itiwe mwisho wa kupika, maana moto na hewa huyapunguza.

Mwandiga Juu

Sauti hamjaigusa. Kukwaruza siku chache za mwanzo ni mpira wa nusu kaputi uliopita kooni. Ikibaki ya upepo, na maji yanampalia, huenda mshipa wa fahamu wa sauti umeguswa. Anywe akiwa ameinamisha kidevu, mafunda madogo. Uji mzito unapita vizuri kuliko maji. Asinong'one, kunong'ona kunakamua koo. Ikifika wiki ya 3 bila nafuu, daktari wa koo atazame nyuzi za sauti. Wengi hupona ndani ya miezi 6. Mwanakwaya anaweza kuongea vizuri kabisa ila noti za juu zikamkataa. Huo ni mshipa mwingine, alitaje hilo kliniki.

Nyuki wa Sikonge

Kovu: wiki ya 3, kidonda kikiwa kimefunga kabisa, kandamiza na vidole viwili kwa Vaseline dakika 5, mara 2 kwa siku, na lifunikwe kwa mtandio juani. Likianza kututumka na kuwasha, rudi mapema. Mawese msipake, hayadhuru sana ila kola zote zitakuwa za njano. Asali yetu ya Tabora nayo ni ya chai, kidonda kibichi kiacheni.

Mwana Isevya

Na mama akishika mimba?

Dagaa Kavu

Siku anayogundua, aende kliniki aseme hana tezi. Dozi kwa kawaida hupanda kwa asilimia 25 hadi 30 tangu mwanzo, na vidonge vya damu atakavyopewa avipeleke jioni.