MREJESHO: Mafuta ya karafuu na mchaichai kwa mabega ya mama

Wadau, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niliuliza jinsi ya kuchanganya mafuta ya karafuu na ya mchaichai ili nimkande mama mabega, maana humbana kila akitoka kwenye cherehani. Mkanisisitiza nisiyapake bila kuyazimua. Ahsanteni sana.

Nimetumia mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ya Pemba. Yana yujeno (eugenol, kemikali ya karafuu) nyingi. Hiyo ndiyo inayotia ganzi, na hiyo hiyo ndiyo inayounguza ngozi. Basi kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi nikaweka matone 3 ya makonyo na 3 ya mchaichai, takriban asilimia 1 kwa jumla. Tulijaribu kwanza ndani ya kiwiko hadi kesho yake: hakuna wekundu wala muwasho.

Mama ameyapenda mno! Mchaichai ndio unaotangulia puani, kisha unapotea, karafuu inabaki kwenye kanga mpaka asubuhi. Mabega yanalegea na usingizi unamjia mapema. Sitasema yamemtibu, kwa sababu kule kukandwa nako ni dawa, ila naendelea nayo.

Aliyeniuliza kuhusu bibi yake anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda: muone daktari kwanza, yujeno nayo inaweza kupunguza kuganda kwa damu. Na yule mwenye mtoto mchanga, tafadhali usimpake kabisa.

Chupa iwe ya kioo cheusi, na isikae juani.