Hadhi ya "bingwa" kwenye toleo jipya ni dhuluma, na ushahidi ninao

Wakuu, nimevumilia tangu toleo jipya la gemu yetu ya mkakati wa vita litoke, lakini usiku wa kuamkia leo uvumilivu umeniishia. Mfumo mpya wa kuamua askari gani apewe hadhi ya bingwa ni wa hovyo. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia kwamba hili ni gemu tu.

Kilichotokea ni hiki. Nacheza Uingereza, mwaka 1940. Nina kikosi kimoja cha Defiant, ndege za kivita za Waingereza za watu wawili, nikakipeleka juu ya Dunkirk, bandari ya Ufaransa, kuwakinga wanajeshi wanaopanda meli. Siku ya tatu kikatokea kisanduku kwenye skrini: rubani wangu kafikisha ndege 5 za adui zilizoangushwa, amekuwa bingwa, kaongezewa shabaha asilimia 10. Picha yake, jina lake, nyota ya dhahabu. Mnaoijua ndege hiyo mmeshaelewa. Rubani wa Defiant hana bunduki yake hata moja! Bunduki zote 4 ziko kwenye kibanda kinachozunguka, nyuma ya kiti chake, na anayekaa humo ni mtu mwingine kabisa. Huyo ndiye anayelenga, huyo ndiye anayefyatua. Kazi ya rubani ni kuiweka ndege mahali ambapo mwenzake ataweza kupiga. Ni kazi nzito, siibezi. Ila shabaha ni ya nani hapo?

Nikasema ngoja nihakikishe. Nikamhamishia yule rubani kwenye kikosi cha Hurricane, ndege ya kivita ya mtu mmoja, na asilimia zake 10 zikahama naye zote. Nikarudi kwenye Defiant kumtafuta mpiga bunduki wake. Nimefungua kila ukurasa wa kikosi kile. Hana jina, hana picha, hana rekodi. Mtu aliyeziangusha zile ndege 5 mfumo haumtambui kabisa kwamba yupo.

Nikawaandikia watengenezaji. Wakanijibu kwa mistari miwili kwamba bingwa ni aliyefikisha ndege 5 alizoangusha, na kwamba wanafuata historia.

Historia ipi? Hiyo 5 imetokana na Wafaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, magazeti yalipotaka mashujaa wa kuandika. Wajerumani katika Vita vya Pili hawakuwa na kiwango hicho, walikuwa na neno lao, Experten, bila namba rasmi. Na kuhesabu kwenyewe kulitofautiana. Kwa Wafaransa, marubani watatu wakiangusha ndege moja, kila mmoja aliandikiwa ndege nzima. Waingereza na Wamarekani wa Vita vya Pili waligawana vipande, nusu au theluthi. Kwa Wajerumani ndege moja ilikuwa ya mtu mmoja, basi. Sasa unachukuaje namba za mizani tatu tofauti ukaziweka kwenye jedwali moja, halafu ukaita hiyo historia?

Na hizo namba zenyewe si msahafu. Tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza kuwa wameangusha ndege 185 za Wajerumani. Kumbukumbu za Wajerumani zilipokuja kuchunguzwa baada ya vita, ikaonekana ni kama 60. Siwaiti waongo. Watu wawili wanaipiga ndege ileile ndani ya sekunde chache, kila mmoja anaiona inashuka na moshi, kila mmoja anarudi kuripoti yake. Kila jeshi lilikumbwa na hilo.

Na kwa kuwa mfumo unaangalia namba tupu, orodha ya toleo hili imejaa Wajerumani kuanzia juu mpaka katikati. Erich Hartmann, ndege 352. Sawa, kafanya kazi yake, sina ugomvi na kuwekwa kwake. Lakini Hartmann aliruka safari za kivita 1,404, kwa sababu rubani wa Kijerumani aliruka mpaka afe, atekwe au vita viishe. Mmarekani Richard Bong alipofikisha 40, Desemba 1944, wakubwa wake walimwondoa mstari wa mbele na kumrudisha nyumbani akiwa hai. Mfumo unasoma 352 na 40, unaamua mmoja ana thamani karibu mara tisa ya mwenzake. Hauulizi kila mmoja alipewa nafasi ngapi za kupigana, wala dhidi ya nani.

Kilichoniuma zaidi ni Pat Pattle. Hayumo! Mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeruka na Waingereza kule Ugiriki. Wengi waliomchunguza wanamweka juu ya ndege 40, na wapo wanaosema huenda hakuna rubani wa upande wa Uingereza aliyemzidi. Kumbukumbu za kikosi chake zilipotea wakati wa kurudi nyuma, na yeye mwenyewe aliuawa Aprili 1941, siku aliyoruka akiwa na homa kali. Sasa watengenezaji wanamkata kwa sababu "idadi haijathibitishwa". Kwa hiyo karatasi zikipotea vitani, na ushujaa unafutwa?

Kwenye vifaru ni yaleyale. Wamemweka Zinoviy Kolobanov wa jeshi la Kisovieti, ambaye kifaru chake kizito cha KV kilivizia msafara wa Wajerumani karibu na Leningrad Agosti 1941 na kuhesabiwa kuangamiza vifaru 22 siku ile. Anastahili, tena sana. Lakini aliyekuwa ameweka jicho kwenye darubini ya mzinga ni Andrei Usov. Ndani ya chuma kile walikuwa watu watano, kuna dereva, kuna anayepakia makombora kwa mikono yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Usov hana hata mstari mmoja.

Msiniambie haiwezekani kiufundi. Chukueni ndege za kuwinda usiku. Mwingereza John Cunningham aliangusha ndege 20, na nyingi kati ya hizo alikuwa na Jimmy Rawnsley nyuma yake, akisoma rada na kumwelekeza gizani: kushoto kidogo, shuka, punguza mwendo. Bila Rawnsley, Cunningham angekuwa anazunguka kwenye giza tupu. Walijulikana wawili na walisifiwa wawili. Basi hadhi ipewe timu. Ukiwatenganisha, nyongeza ipungue mpaka wazoeane na wenzao wapya. Ukimpoteza mpiga bunduki, ujue umepoteza kitu. Hilo lingenifanya nifikiri mara mbili kabla ya kuvunja kikosi, na si ndiyo maana tunacheza gemu ya mkakati?

Na idadi isiwe mlango pekee. Safari alizoruka mtu zihesabiwe, aina ya adui ihesabiwe, na kwa wale ambao karatasi zao zimepotea watumie makadirio ya chini kuliko kuwafuta.

Mimi nimerudi kwenye toleo la zamani na nimezima kujisasisha. Faili la kampeni yangu nimeliambatanisha hapa chini. Lifungueni, nendeni siku ya tatu ya Dunkirk, bofyeni kikosi cha Defiant, halafu mniambie kama mmemwona mpiga bunduki.