Vikombe vyangu vya mtindi, granola na matunda asubuhi vina uchungu, nakosea wapi?

BintiTabata:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kabla mtaji haujakata. Wiki ya tatu hii nauza kifungua kinywa cha kwenye kikombe: mtindi chini, papai na nanasi juu yake, halafu granola (oti na karanga za kukaanga na asali), kisha narudia tena mpaka kikombe kijae. Napanga saa nne usiku, naweka kwenye friji, asubuhi saa moja na nusu nasambaza ofisini na kwenye saluni mbili za jirani. Bei 3,000.

Usiku kikombe kinapendeza mpaka nakipiga picha. Asubuhi ni balaa. Granola imelowa kama uji uliolala, chini kumetuama maji ya njano, na kibaya zaidi mtindi una uchungu. Sisemi uchachu, nasema uchungu, ule unaobaki kwenye ulimi. Jana dada mmoja wa saluni kanirudishia kikombe, kaniuliza mbele za watu, "Umetia dawa gani humu?" Nilitamani ardhi inimeze. Mtindi nagandisha mwenyewe, granola nakaanga mwenyewe maana sina oveni. Muuza maziwa nimeshabadilisha mara mbili na uchungu uko palepale.

ChaiNaChapati:
3,000? Hiyo napata supu na chapati mbili, tena nashiba mpaka saa nane. Wateja wako wanalishwa kama ndege.

BintiTabata:
Kaka yangu, wanapunguza mwili, waache. Wewe kula chapati zako.

MamaZai_Jikoni:
Mwanangu, huyo muuza maziwa umemwonea bure. Mchawi wako ni papai, na nanasi ndiye msaidizi wake.

Jiulize, nyama ngumu ya mishkaki tunailainisha na nini? Papai bichi. Lina kimeng'enya kinaitwa papaini, kazi yake kukatakata protini. Nanasi nalo lina cha kwake, bromelaini. Sasa protini haiko kwenye nyama peke yake, hata maziwa yanayo. Ukilaza papai ndani ya mtindi usiku kucha, ni sawa na kulaza nyama kwenye viungo: protini za maziwa zinakatwa vipande vidogovidogo, na hivyo vipande ndivyo vyenye uchungu. Ndiyo maana usiku ukionja huoni kitu. Papai likiiva papaini inapungua, lakini haiishi.

Nanasi linaokoleka. Likate, libandike jikoni kwa maji yake lenyewe, lichemke dakika tano hivi, lipoe kabisa ndipo uliweke. Moto unaua kile kimeng'enya. (La kopo halisumbui kwa sababu limeshapikwa kiwandani.) Papai achana nalo. Papaini ni sugu kwa moto kuliko bromelaini, na hata ukiiweza, papai la kuchemsha atalinunua nani? Weka embe, zabibu au pasheni. Ndizi ikatwe asubuhi hiyohiyo na kukamuliwa ndimu, la sivyo inakuwa nyeusi.

BintiTabata:
Shikamoo mama! Mishkaki nalainisha kwa papai kila Jumapili na haikunijia kabisa akilini.

KibuyuChaBibi:
Mama Zai kamaliza la uchungu, mimi niongeze la maji. Dada, unagandishaje?

BintiTabata:
Nachemsha, yakipoa naweka mbegu, asubuhi nakuta yameganda. Nakoroga yawe laini halafu napanga kwenye vikombe.

KibuyuChaBibi:
Hapo kwenye kukoroga ndipo unapoyafungulia maji. Maziwa yakiganda yanakuwa kama wavu uliobeba maji ndani yake. Ukiuvuruga, maji yanatoka, na ukikaa usiku mzima yanatuama chini.

Fanya hivi. Chemsha, yaache yapoe mpaka kidole safi kivumilie ukihesabu hadi kumi (ukiwa na kipimajoto ni nyuzi 43 hadi 45). Lita moja, vijiko viwili vya mtindi usio na sukari kama mbegu. Funika, viringisha sufuria kwenye blanketi, kwa muda wa saa sita mpaka nane usiliguse wala kulichungulia. Maziwa yakiganda yaingie kwenye friji kwanza, halafu mimina kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa, weka juu ya chujio, chini bakuli, na virudi kwenye friji kwa muda wa saa mbili. Utapata kitu kizito kinachosimama kwenye kijiko. Usikichuje usiku kucha, utabaki na kama nusu ya ulichoanza nacho, na kwa bei yako utauza kwa hasara.

Maji yanayotoka usimwage. Kandia chapati, yule bwana wa juu atafurahi.

ChaiNaChapati:
Sasa ndiyo tunaongea.

Mvita_Kaskazini:
Samahanini, lakini hiyo si mtindi, ni yogati. Mtindi aliotulea nao nyanya yangu ni maziwa yaliyosukwa kwenye kibuyu yakatolewa siagi. Nayo huganda yenyewe, hayahitaji blanketi.

KibuyuChaBibi:
Uko sahihi, na jina langu linakuunga mkono. Ila huku Dar leo kila kilichoganda kinaitwa mtindi, hatutaweza kuwabadilisha.

FundiGranola:
Bado granola, na hapa siwafichi: hakuna granola inayolala kwenye mtindi ikaamka kavu. Hata ya dukani hailali. Itenge. Kikombe kiwe mtindi na matunda tu, granola weka kwenye kimfuko kidogo, kibandike juu ya kifuniko, mteja amwage mwenyewe. Atasikia inalia kwenye meno, na hicho ndicho analipia.

Bila oveni inawezekana. Vikombe vitatu vya oti, kikombe kimoja cha karanga au korosho zilizokatwa, nusu kikombe cha nazi kavu, chumvi kidogo. Kaanga vikavu kwenye kikaango kizito, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha mpaka vianze kunukia. Ndipo umimine robo kikombe cha asali na robo ya mafuta, uendelee kama dakika kumi. Ikiwa bado ya moto itakuwa laini, usiogope, inakauka ikipoa. Imwage kwenye sinia na uitandaze. Ukiifunga ingali na joto, mvuke unailowesha hata kabla haijaona mtindi. Zabibu kavu zinaingia mwisho, ukizikaanga zinakuwa changarawe.

Nesi_wa_Zamu:
La haraka: wateja wenye watoto chini ya mwaka mmoja waambie wasiwalambishe, kwa sababu ya asali. Na usambaze na kiboksi cha barafu. Kwa joto hili vikombe visizidi saa mbili nje.

BintiTabata:
Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Papai nimelifukuza. Nanasi nachemsha, mtindi nachuja saa mbili, granola iko kwenye vimfuko. Asubuhi hii nimefungua kikombe cha kujionjea: hakuna maji, hakuna uchungu. Vimfuko vimeniongezea gharama, nimepandisha hadi 3,500 na hakuna aliyelalamika. Yule dada wa saluni kachukua viwili, ila kimoja kanusa kwanza.

ChaiNaChapati:
Na yale maji ya kukandia unauza bei gani?