Sonona imenirudia mara ya tatu, aliyepitia tiba ya umakinifu anishauri

Wakuu, naombeni msaada. Sonona imenirudia mara tatu sasa. Hii ya mwisho imeanza kuniachia, na mtaalamu wangu wa saikolojia ananishauri nijiunge na tiba ya umakinifu (mindfulness), yaani kujifunza kuyatazama mawazo yako bila kuyafuata: kikundi, wiki 8, kikao cha saa 2 kila wiki, na mazoezi ya kila siku nyumbani. Hofu yangu ni kwamba nikikaa kimya ndipo mawazo hunivamia. Leo nikae nayo kwa hiari yangu? Halafu natumia dawa, je, niziache?

Mpitanjia:
Pole sana ndugu yangu. Mimi niliingia baada ya sonona ya nne. Siku ya kwanza kila mtu alipewa zabibu kavu moja, tuitazame, tuinuse, tuisogeze sikioni, ndipo tuitie mdomoni. Nikaona napotezewa muda. Zoezi la kupitisha fikra mwilini, toka vidole vya mguu hadi utosini, nilikuwa ama nasinzia ama nalia.

Wiki ya tano naosha vyombo, likaja wazo langu la siku zote: "mimi ni mzigo kwa watu". Mikono iko kwenye povu, nikasema moyoni, hili ni wazo, limekuja. Nikaendelea kusugua sufuria. Zamani lingenilaza kitandani siku tatu. Bado huwa linakuja, ila silifuati.

Subira77:
Mimi nilianza nikiwa nimezama kabisa, hata kuoga siwezi. Ukimya ukanizidishia, nikaacha wiki ya tatu. Tiba hii ilibuniwa hasa kuzuia sonona isirudi, kwa mtu aliyekwisha pata nafuu. Na kama una majeraha ya kihisia ya zamani, mweleze mwalimu mapema. Unaruhusiwa kufumbua macho, au kuacha kufuatilia pumzi na badala yake kuzisikiliza nyayo zako sakafuni.

Msomaji:
Dawa usiache kimyakimya, nakusihi. Utafiti wa waanzilishi wa tiba hii, Teasdale, Segal na Williams, uliotoka 2000, ulionyesha walionufaika ni waliougua mara 3 au zaidi, kama wewe. Mwingine wa Uingereza, 2015, ulikuwa na wagonjwa 424. Ndani ya miaka 2 sonona iliwarudia asilimia 44 ya waliopitia tiba hii, na asilimia 47 ya waliobaki na dawa. Karibu sawa, lakini wale wa tiba walipunguza dawa wakisimamiwa na daktari.

Mleta mada:
Asanteni sana. Hiyo ya sufuria nimeirudia mara mbili. Dawa naendelea nazo, na kesho namuuliza mtaalamu kama nafuu niliyo nayo inatosha kuanza.