Mrejesho: yule mzee wangu aliyebadilika tabia

Wakuu nimerudi. Niliuliza kuhusu mzee wangu, kapoa, hacheki hata na wajukuu, anasahau, anatembea kama miguu imenasa sakafuni na mkojo unamtoka, wengi mkasema depresheni au uzee tu (hata mimi niliamini). Kumbe maji ya ubongo! Mwili unatengeneza kama nusu lita kwa siku na yanatakiwa yafyonzwe yarudi kwenye damu, ya kwake yakawa yanajikusanya, skani ikaonyesha vyumba vya ubongo (vile vya ndani vinavyokaa hayo maji) vimetanuka. Wakamtoa mililita 40 hivi kwa sindano ya mgongoni, kesho yake anapiga hatua ndefu, nikabaki mdomo wazi. Sasa kawekewa kimrija cha kushusha maji toka kichwani hadi tumboni. Kutembea safi, utani umerudi, kumbukumbu ndo bado bado.