Wasomaji wa G.I. Joe mpya, tupeane uzoefu: ulianzia toleo gani, na pesa ilikuuma wapi?

Kipanga wa Tandika
Wakuu, habari za jioni. Nafuatilia G.I. Joe, komiki ya kikosi cha askari wa Marekani, inayotolewa na kampuni ya Skybound, ile ya mwandishi Joshua Williamson na mchoraji Tom Reilly iliyoanza Novemba 2024. Kila toleo likitoka nakuta watu wanaligawia nyota kabla hawajafika ukurasa wa kumi. Leo nyota tuziweke kando, kila mtu aseme yaliyomkuta.

Mimi nilianza na mfululizo wa utangulizi, Duke, Desemba 2023. Nilitaka mabomu tangu ukurasa wa kwanza. Nikakutana na askari aliyeona ndege ya kivita ikigeuka roboti na kumuua rafiki yake. Anarudi kusimulia, wakubwa wanamwona amechanganyikiwa. Niliwahi kushuhudia ajali kazini, nikaambiwa sikuona vizuri, kwa hiyo Duke hakunipa shida kumwelewa. Ila nakiri toleo la kwanza nililiponda mbele za watu, nikayameza maneno yangu nilipofika la tatu.

Mwana wa Likoni
Yalonikuta mimi ni aibu. Nilisikia "Skybound wameanza upya," nikanunua namba 301. Nasoma, sijui nani kamfanyia nani nini! Kumbe ile ni hadithi ya zamani inaendelea: mwandishi Larry Hama aliianza Marvel mwaka 1982, ikafungwa 1994 kwenye namba 155, kampuni ya IDW wakaifufua 2010 na kuifikisha 300, ndipo Skybound wakaipokea Novemba 2023. Kampuni moja, majina ya askari yale yale, dunia mbili. Roboti wanaojigeuza ni sehemu ya dunia ya ile mpya; kwenye ile ya zamani walipita tu kwa muda. Anayetaka kuanza aisome Duke, kisha Cobra Commander, mfululizo wa adui wao mkuu, ndio aingie G.I. Joe yenyewe. 301 amwachie mwenye subira. Lakini sasa mimi ndiyo naipenda zaidi, msiniulize kwa nini.

Afande Mstaafu
Kwa nini nitakwambia mimi. Nilipita JKT, na komiki nyingi za vita hunichekesha: askari hachoki, hana njaa, bunduki haiishi risasi. Hama alitumikia jeshi la Marekani Vietnam, na inaonekana. Watu wake wanalalamika, wanataniana, wanasubiri amri isiyokuja. Hata zile kadi za wasifu nyuma ya pakiti za wanasesere wa G.I. Joe, wa kampuni ya Hasbro, ni kazi ya mkono wake. Williamson anakwenda mbio kuliko yeye, na michoro ya Reilly ni misafi, vita unaielewa bila kurudia ukurasa. Ninachomdai ni muda wa watu kukaa tu kambini.

Kipanga wa Tandika
Afande, hapo umenigusa. Matoleo mengine nayamaliza chai haijapoa.

Jogoo la Mtaa
Mnamsahau Cobra Commander wa Januari 2024. Mfululizo mzima wa adui, na hakuna anayembembeleza msomaji ampende. Nimemaliza.

Mama Zuhura, Minneapolis
Hamjambo wanangu. Mimi si shabiki, mwanangu ndiye. Kila toleo ni pesa, na yeye anataka na lile lenye jalada la pili, kana kwamba ndani kuna hadithi nyingine. Nilikuwa nagomba.

Mwaka jana mama yangu alikuja kutoka Kigoma. Kiingereza hajui, na mjukuu Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku moja ya theluji nikawakuta sebuleni wameinamia namba 21 ya ile G.I. Joe ya zamani, ya mwaka 1984, ile isiyo na neno hata moja ndani. Snake Eyes, komando wa kikosi, anaingia ngomeni kumwokoa mwenzake Scarlett, na bibi ndiye anayefunua kurasa. Anamnyooshea kidole yule ninja adui mwenye nguo nyeupe: "Huyu nyoka, mwangalie macho." Walirudia mara tatu. Mara ya tatu walikuwa wanabishana, kila mtu kwa lugha yake.

Jioni akaniuliza kwa nini yule Snake Eyes amevaa nyeusi tupu, kafiwa? Mwanangu akanieleza, nami nikamtafsiria bibi, kwamba walipotengeneza mwanasesere wake walimwacha bila rangi ili kupunguza gharama.

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe ubahili!"

Sasa namba 21 iko Kigoma. Aliondoka nayo, na mwanangu anataka nimnunulie nyingine.